Korongo wa Basotu na Mjerumani wa Anklam

Sisi wa Katesh korongo weupe tunawajua tangu utoto. Mvua zikianza wanakuja, wanatua kwenye mashamba ya Basotu kuokota panzi, na jua likipanda wanapaa wakizunguka polepole karibu na Mlima Hanang, bila hata kupiga bawa. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwarushia mawe. Mwaka wa pili hapa chuoni, nilipokula sapu ya somo la mwendo wa hewa, ndipo nikasoma habari za Otto Lilienthal. Kumbe naye korongo ndio waliomfundisha.

Alizaliwa 1848 Anklam, kaskazini-mashariki mwa Ujerumani. Korongo wa upande ule wakikimbia baridi hupita Uturuki na bonde la Nile, na wengine hufika Afrika Mashariki. Yeye na mdogo wake Gustav walitengeneza mabawa wakiwa bado wanafunzi, wakayajaribu usiku ili wenzao wasiwacheke. Hayakuwabeba.

Akasomea uhandisi Berlin, akapigana vita vya 1870, baadaye akafungua kiwanda cha mitambo ya mvuke. Jamani, mtu ana kiwanda na familia, bado anazungusha vibao vya kila umbo kwenye mtambo wa mkono mrefu ili apime nguvu inayonyanyua! Akagundua kwamba bawa lililopinda kidogo, kama kijiko kilichofunikwa, linanyanyua kuliko ubao bapa wa eneo lilelile. Mwaka 1889 akayatoa yote kitabuni, majedwali na michoro, mwenye kutaka achukue. Hapo ndipo ninapompendea.

Kuanzia 1891 akaruka mwenyewe, mara 2,000 hivi. Chombo chake cha 1894 kilikuwa na mita 6.7 kutoka ncha hadi ncha ya bawa. Dreamliner ya Air Tanzania iliyofika 2018 ina mita 60, na inapaa ikiwa na tani zaidi ya 220. Lakini ukilikata bawa lake, mkunjo ule utaukuta.

Shida yake ilikuwa kuongoza. Alining'inia katikati, akihamisha miguu na kiwiliwili huku na huku. Tarehe 9 Agosti 1896, kwenye kilima cha Gollenberg, upepo ukainua pua ya chombo, kikapoteza mwendo, akaanguka kama mita 15. Alifariki kesho yake, ana miaka 48. Habari za kifo hicho ndizo zilizowaamsha ndugu Wright kule Marekani. Walianzia kwenye majedwali yake, wakaongeza alichokosa, yaani kupinda ncha za mabawa ili chombo kigeuke. Siku ukikaa dirishani kwenye ndege kubwa, tazama kile kipande kinachopanda na kushuka nyuma ya bawa, kuelekea nchani. Kazi yake ni hiyohiyo.

Sapu niliifuta kwa C. Desemba nikarudi nyumbani, korongo walikuwepo. Wadogo zangu walishaokota mawe. Nikawaambia wangoje kwanza, waangalie yale manyoya ya nchani yanavyoachana kama vidole.