Harriet Powers: Mjakazi aliyesimulia Biblia kwa sindano na uzi

KATIKA majumba ya makumbusho ya miji ya Washington na Boston nchini Marekani, mna matandiko mawili ya kitanda ambayo hakuna anayethubutu kuyalalia.

Yote mawili yalishonwa na mwanamke mmoja, Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani, akaishi kwa jasho la shamba na kufariki bila mali ya kutajika. Leo wataalamu wa sanaa huyahesabu matandiko hayo miongoni mwa kazi bora kabisa za ushonaji zilizowahi kutoka katika nchi hiyo.

Hata hivyo, kwa miaka mingi baada ya kifo chake, jina la Bi Powers lilifahamika kwa wachache mno. Na hao wachache walimdhania kuwa bi kizee asiyejua kusoma wala kuandika, aliyebahatika tu kuwa na mikono myepesi. Ilichukua karibu karne nzima kwa dhana hiyo kusahihishwa, na aliyeisahihisha ni yeye mwenyewe.

Harriet alizaliwa mnamo Oktoba 29, 1837 katika jimbo la Georgia, si mbali na mji wa Athens. Jimbo hilo lilikuwa kitovu cha kilimo cha pamba, na pamba hiyo ilipandwa, ikapaliliwa na kuchumwa na watumwa weusi. Tangu 1829, sheria za Georgia zilipiga marufuku kumfundisha mtumwa kusoma au kuandika.

Katika mazingira hayo, sindano ilikuwa mojawapo ya zana chache ambazo mjakazi angeweza kuzimiliki kwa ustadi bila kuadhibiwa. Wanawake wengi wa kitumwa walifundishwa kushona ili wawavishe mabwana wao, na usiku wakautumia ujuzi huo huo kuzifunika familia zao dhidi ya baridi.

Walichoshona ni mifarishi. Mfarishi ni tandiko zito lenye matabaka matatu: juu kitambaa cha urembo, katikati pamba ya kuleta joto, na chini kitambaa cha kuzuia. Matabaka hayo hushikanishwa kwa mishono midogo midogo inayopenya yote matatu. Kwa kuwa kitambaa kizima kilikuwa ghali, sehemu ya juu aghalabu iliungwa kwa vipande vilivyosalia baada ya kukata nguo, au vilivyonusurika katika mavazi yaliyochakaa.

Mnamo 1855, Harriet akiwa na umri wa miaka 18 hivi, aliolewa na Armstead Powers. Walijaliwa watoto wasiopungua tisa, na baadhi yao walizaliwa kabla ya pingu za utumwa kukatika mwaka 1865.

Uhuru haukuja na shamba wala fedha. Orodha ya sensa ya mwaka 1870 inamtaja Armstead kama kibarua wa shambani na Harriet kama mama wa nyumbani. Ilikuwa hadi miaka ya 1880 ambapo wawili hao walifaulu kununua ekari nne za ardhi, jambo lililokuwa fahari kubwa kwa watu ambao wao wenyewe walikuwa wamewahi kuhesabiwa kuwa mali.

Ni katika kipindi hicho ambapo Bi Powers alikamilisha kazi iliyompa umaarufu. Aliugawa mfarishi mmoja katika picha 11 zilizopangwa kwa safu tatu, na kila picha ikabeba kisa cha Biblia. Humo mna Adamu na Hawa katika bustani ya Edeni, Kaini akimuua Abeli nduguye, ndoto ya Yakobo, ubatizo wa Yesu, karamu ya mwisho, Yuda na vipande vyake 30 vya fedha, kusulubiwa kwa Yesu na familia takatifu.

Mbinu aliyoitumia ilikuwa ya kukata maumbo ya watu, wanyama, nyota na jua kutoka kwenye vitambaa vya rangi mbalimbali, kisha kuyashonea juu ya kitambaa kikubwa. Kazi ya namna hiyo hudai subira. Umbo likipinda kidogo huonekana kasoro, na pindo lisipokunjwa vizuri nyuzi zake hufumuka.

Wataalamu kadhaa wameilinganisha mbinu hiyo na ile ya mafundi wa Abomey, mji mkuu wa ufalme wa kale wa Dahomey, katika nchi ambayo leo ni Benin. Mafundi hao walikata maumbo ya simba, ndege na silaha na kuyashonea kwenye vitambaa ili kuhifadhi historia ya wafalme wao. Bi Powers hakuwahi kukanyaga Afrika, lakini aliishi miongoni mwa watu ambao mababu zao waliondolewa huko kwa minyororo.

Hakung'ang'ania mbinu za jadi pekee. Cherehani zilipoanza kuenea majumbani, naye alijifunza kuitumia. Mifarishi yake miwili iliyosalia ina mishono ya mkono na ya cherehani pia, ishara kwamba alikuwa mtu mzima aliyekubali kujifunza upya kazi aliyoizoea tangu ujanani.

Mwaka wa 1886, mfarishi huo wa Biblia ulitundikwa katika maonyesho ya pamba mjini Athens. Miongoni mwa waliousimamia wakiutazama ni Jennie Smith, mwanamke Mzungu aliyekuwa mwalimu wa sanaa katika shule ya wasichana ya Lucy Cobb mjini humo. Bi Smith alivutiwa mno, akamtafuta mshonaji na kumwomba amuuzie.

Bi Powers alikataa. Hakutaja bei ya juu wala ya chini. Kazi hiyo haikuwa ya kuuzwa.

Lakini hali ya maisha haikumhurumia. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1890 familia hiyo ilikuwa imeanza kubanwa na ufukara, na baadaye ikalazimika kuuza sehemu za ardhi yake. Yapata miaka mitano baada ya maonyesho yale, Bi Smith alimpelekea Bi Powers habari kwamba angeununua mfarishi huo iwapo bado alitaka kuuuza.

Bi Powers alifika kwa gari la kukokotwa na ng'ombe, mfarishi akiwa ameupakata magotini, umefungwa kwa gunia safi la unga na kufunikwa kwa gunia jingine. Aliitisha Dola 10. Bi Smith alimwambia kwamba asingeweza kutoa zaidi ya Dola 5.

Bi Powers alitoka nje kushauriana na mumewe. Armstead alimshauri azipokee pesa hizo kutokana na ugumu wa nyakati. Basi akarudi ndani, akaukabidhi mfarishi wake kwa nusu ya bei aliyoitaka.

Biashara ingeweza kuishia hapo, kama zilivyoishia biashara nyingi baina ya maskini mwenye kipawa na mnunuzi mwenye jicho kali. Kazi ingetwaliwa, jina la fundi likasahaulika, na baada ya kizazi kimoja asiwepo wa kueleza nyota zile saba zilimaanisha nini wala yule mwanamume mwenye mkoba ni nani.

Lakini kabla ya kuondoka, Bi Powers alifanya jambo lililobadilisha hatima ya kazi yake. Alimweleza mnunuzi maana ya kila picha, moja baada ya nyingine, kuanzia Edeni hadi familia takatifu. Bi Smith aliyaandika maelezo hayo pamoja na kisa cha mauzo yenyewe, na karatasi hizo zikahifadhiwa pamoja na mfarishi.

Hakuusahau mfarishi wake hata baada ya kuuza. Alirejea mara kadhaa nyumbani kwa mwalimu huyo ili autazame tu, mithili ya mzazi anayemjulia hali mwanawe aliyeolewa mbali. Kilichompoza moyo kidogo ni ahadi ya Bi Smith kwamba atamwekea vipande vyote vya vitambaa vitakavyosalia katika ushonaji wake. Kwa mshonaji wa mifarishi, ahadi hiyo ilikuwa na maana moja: kazi nyingine ingeweza kuanzwa.

Mnamo 1895, Bi Smith aliupeleka mfarishi huo katika maonyesho makubwa ya kimataifa mjini Atlanta, yale yale ambayo mwanaelimu mweusi Booker T. Washington alitoa hotuba yake mashuhuri siku ya ufunguzi. Maelfu ya wageni walipata nafasi ya kuitazama kazi ya mwanamke ambaye wakati huo alikuwa akijikimu kwa shida huko Sandy Creek, karibu na Athens. Mumewe alikuwa ameondoka nyumbani katika miaka hiyo, naye akabaki peke yake, yamkini akiitegemea sindano kwa chakula chake.

Ni akiwa katika hali hiyo alipokamilisha mfarishi wa pili unaojulikana leo, mpana kuliko ule wa kwanza. Huu una picha 15, safu tatu zenye picha tano tano. Mna visa vya Biblia kama vile vya Ayubu, Yona na Musa, lakini safari hii fundi alipanua upeo wake. Aliingiza pia matukio ya anga na ya dunia ambayo watu wa enzi yake waliyasimuliana kwa hofu.

Mojawapo ya picha hizo inaonyesha siku ya giza ya Mei 19, 1780, ambapo mchana uligeuka usiku kaskazini mashariki mwa Marekani, jambo ambalo wanasayansi wamelihusisha na moshi wa moto mkubwa wa msituni. Nyingine inaonyesha usiku wa Novemba 13, 1833, vimondo vilipomiminika angani kama mvua na watu wakadhani kiama kimefika. Matukio hayo mawili yalitokea kabla hajazaliwa. Aliyapata kwa masimulizi ya waliomtangulia, akayapa umbo kwa kitambaa.

Nyingine ni ya baridi kali ya Februari 10, 1895, inayoonyesha watu walioganda kwa baridi. Tarehe hiyo pia inathibitisha kwamba mfarishi huo haukukamilika kabla ya mwaka huo, wakati mshonaji alikuwa akikaribia umri wa miaka 60.

Humo pia yumo nguruwe jike aitwaye Betts, ambaye kwa maelezo ya Bi Powers alitoroka kutoka Georgia na kukimbia maili 500 hadi Virginia. Baadhi ya wachambuzi wameona katika mnyama huyo mkaidi kivuli cha watumwa waliowatoroka mabwana zao kuelekea kaskazini.

Inaaminika kwamba mnamo 1898 wanawake wa jamii ya wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Atlanta waliununua mfarishi huo na kumtunuku Kasisi Charles Cuthbert Hall, aliyekuwa katika bodi ya wadhamini wa chuo hicho. Nao pia uliandamana na maelezo ya kila picha. Mwaka wa 1964 ulifika katika Makumbusho ya Sanaa ya Boston kupitia wosia wa mkusanyaji wa sanaa, Maxim Karolik.

Ule wa kwanza ulibaki mikononi mwa Bi Smith hadi alipofariki mwaka 1946. Mnamo 1969 ulikabidhiwa taasisi ya Smithsonian mjini Washington, ambako umehifadhiwa.

Harriet Powers alifariki Januari 1, 1910, mwaka mmoja baada ya Armstead. Walizikwa katika makaburi ya Gospel Pilgrim mjini Athens, yaliyokuwa ya watu weusi. Makaburi hayo yalimezwa na vichaka, na kwa miongo mingi vitabu vilitaja tarehe isiyo sahihi ya kifo chake. Jiwe la kaburi lake lilipatikana mwaka 2005, na ndilo lililosahihisha kosa hilo.

Sahihisho kubwa zaidi lilifuata mwaka 2009, ilipofichuliwa nakala ya barua ambayo Bi Powers alikuwa amemwandikia mwanamke mmoja wa Keokuk, jimbo la Iowa, mnamo 1896. Humo alisimulia maisha yake ya utumwani na jinsi alivyojifunza kusoma na kuandika. Yule aliyedhaniwa kuwa hakuijua Biblia ila kwa kusikia mahubiri, kumbe aliweza kuisoma mwenyewe, katika jimbo ambalo sheria ilikuwa imemnyima haki hiyo akiwa mtoto.

Katika barua hiyo hiyo aliorodhesha mifarishi isiyopungua minne aliyoishona kwa mikono yake. Mmojawapo, kwa maelezo yake, ulionyesha karamu ya mwisho ya Yesu na wanafunzi wake.

Oktoba 2021, mifarishi miwili iliyosalia ilitundikwa pamoja kwa mara ya kwanza, katika maonyesho ya Makumbusho ya Sanaa ya Boston yaliyoendelea hadi Januari 2022. Ule wa karamu ya mwisho haukuwepo, kwani haujapatikana hadi leo. Kinachojulikana kuuhusu ni kile tu ambacho Bi Powers alikiandika kwa mkono wake.