Bela, mutu aliyepaka pori kwa vidole
Bela alikuwa Msara wa inchi ya Tchad. Alitumika nyumbani kwa Mfaransa Pierre Romain-Desfossés. Kisha vita ya 1945, bwana huyo alifungua kule Élisabethville, Lubumbashi ya leo, atelier iliyoitwa Hangar. Bela akapaka picha pale pamoja na Pilipili na Mwenze.

Hakutumia burushi. Alichovya vidole ndani ya rangi, akaweka tone juu ya tone mpaka pori, nyama na samaki vikatokea. Ukikaribia unaona alama za vidole tu. Ukirudi nyuma, pori linaonekana, kama sisi wa Mboko tunavyoona Itombwe magaribi.

Bwana alikufa 1954. Picha zimebaki. Wandugu wachimbaji, mikono ya mutumikaji isizarauliwe.