Mama Kimpa Vita na askari wa mfalme



Jina la Mama Kimpa Vita, aliyebatizwa Beatriz, wengi wetu tunalijua tangu utoto, na tunajua kwamba alichomwa moto. Lakini mara nyingi tunahadithia kifo chake kama vile aliuawa na Wazungu peke yao, na hapo tunaruka sehemu iliyo ngumu. Aliyemhukumu alikuwa mfalme wa Kongo pamoja na baraza lake, watu waliobatizwa kama yeye. Na katika wale waliomfuata walikuwamo askari wa mfalme yuleyule, na jenerali wao. Leo tunataka kueleza habari ya hao askari, sababu bila wao maisha ya Mama huyu hayafahamiki vizuri.

Ufalme wa Kongo ulipokea ubatizo mwaka 1491. Mfalme Afonso wa Kwanza, alipopigana na ndugu yake juu ya kiti, alisema kwamba Mtakatifu Yakobo alitokea mbinguni pamoja na wapanda farasi na kuwafukuza adui zake. Tangu siku zile, kila tarehe 25 mwezi wa saba, sikukuu ya Yakobo, wakubwa na askari walikusanyika na silaha zao mbele ya mfalme, wakacheza michezo ya vita, na kodi ikalipwa. Kwa hiyo askari wa Kongo hakuona tofauti kati ya kumtii mfalme na kumtii Mungu. Kabla ya kupigana alipiga magoti mbele ya padri ili aondolewe dhambi, kisha akachukua ngao yake.

Kifungo hicho kilikatika tarehe 29 mwezi wa kumi, 1665, kule Mbwila. Jeshi la Wareno wa Luanda lilishinda jeshi la Kongo. Mfalme Antonio wa Kwanza akafa, na wakubwa wengi wakafa pamoja naye. Nyumba mbili za kifalme, Kimpanzu na Kinlaza, zikaanza kugombania kiti, na vita ikaendelea zaidi ya miaka 40. Mwaka 1678 Mbanza Kongo, mji mkuu ambao Wareno waliuita São Salvador, ulichomwa na kuachwa. Miti ikaota mahali pa nyumba. Wakawa wafalme wengi kwa wakati mmoja, kila mmoja katika nchi yake, na kila mmoja akijiita mfalme Mkristo wa Kongo yote.

Mwenendo wa askari uliharibika hapo. Watu waliitwa kutoka vijijini kwa maelfu, wakabeba chakula cha siku chache, na chakula kilipoisha walikula mashamba ya watu waliowakuta njiani. Bunduki na baruti zilitoka pwani, na zilinunuliwa kwa watu. Zamani wafalme walijaribu kulinda mtu huru wa Kongo asiuzwe kwenye meli. Ndani ya vita hii, mtu wa upande wa pili aliyeshikwa, na mke wake, na watoto wake, walikuwa mali ya aliyewashika. Askari waliondolewa dhambi asubuhi, na jioni wakahesabu mateka. Wote waliimba kwa Maria mmoja.

Kimpa Vita alizaliwa karibu mwaka 1684, upande wa mlima Kibangu, katika jamaa ya wakubwa. Hakuona hata siku moja ambayo ufalme ulikuwa na amani. Tangu utoto alikuwa na maono, akafundishwa kazi ya nganga marinda, mtu anayesema na ulimwengu wa roho kwa ajili ya kuponya watu, baadaye aliiacha. Mwezi wa nane, 1704, alishikwa na ugonjwa mkali. Alieleza kwamba alikufa, na kwamba Mtakatifu Antoni aliingia kichwani mwake na kumwamsha. Aligawa mali yake, akapanda mlima Kibangu kumwona mfalme Pedro wa Nne.

Ujumbe wake kwa mfalme ulikuwa mfupi: aondoke mlimani, arudi Mbanza Kongo, vita iishe na ufalme uwe mmoja. Pedro hakumkubali na hakumkataa. Alikuwa mfalme wa kungoja, na pengine alikuwa na haki ya kuogopa, sababu alikwisha kuvikwa taji ndani ya mji ule mwaka 1696, akaukimbia upesi kwa hofu ya adui yake João wa Pili, mfalme wa Bula. Padri Bernardo da Gallo, Mkapusini kutoka Italia, alimhoji mwanamke huyu kijana, akaona kwamba ni shetani anayesema ndani yake. Mama akaenda Bula kwa João mwenyewe na ujumbe uleule, na kule alifukuzwa. Tukumbuke jambo hili: alikwenda kwa wafalme wawili waliochukiana, hakuchagua jeshi la mmoja.

Baada ya hapo aliingia Mbanza Kongo bila mfalme yeyote. Watu wakamfuata kwa maelfu, wakajenga vibanda kati ya mawe ya zamani. Alifundisha kwamba Yesu alizaliwa Mbanza Kongo na kubatizwa Nsundi, na kwamba katika watakatifu wamo watu weusi. Alikataza msalaba, kwa kuwa ni chombo kilichomuua Bwana. Na alifundisha kwamba Mungu anatazama nia ya moyo. Ubatizo bila nia ni bure, na kuungama bila nia ni bure. Mafundisho hayo mapadri waliyaona ni dharau kwa sakramenti. Sisi tukiyasoma tunamfikiri askari yule wa asubuhi na jioni, na tunaona yaligusa mahali penye kidonda.

Basi, Pedro alikuwa amekwisha kutuma watu wake mbele, na wake zao na watoto, walime na kufungua njia ya kurudi mjini. Viongozi wao walikuwa wawili: Manuel da Cruz Barbosa, na Pedro Constantinho da Silva, ambaye watu walimwita Kibenga, jenerali wa mfalme. Watu hao walikaa karibu na adui, wakichoka, na mfalme aliyewatuma hakuja. Halafu mwanamke mmoja akapita mbele yao, akaingia mahali ambapo mfalme aliogopa kuingia. Kiapo walimwapia Pedro. Lakini kazi waliyoapia, kuurudisha mji, ilikuwa inafanywa na mwingine.

Wakagawanyika. Barbosa alibaki upande wa mfalme. Kibenga aliingia mjini na askari wake, akajitangaza kuwa Mwantoni, akamwasi bwana wake. Je, aliamini kweli? Kwetu sisi, askari wadogo na wake zao waliamini. Kibenga aliamini pia kwamba imani hii ingemfikisha kwenye kiti. Alitafuta urafiki na watu wa nyumba ya Kimpanzu, na tangu hapo mji wa nabii ukawa vilevile ngome ya jeshi. Mama aliyehubiri vita iishe akajikuta analindwa na bunduki. Hatufichi jambo hili, hata likituumiza. Pedro, ambaye angeweza kumvumilia nabii, hakuweza kumvumilia nabii mwenye jenerali.

Mama alikuwa na udhaifu wake pia. Alipata mimba kwa mwenzake Barro, aliyeitwa Mtakatifu Yoane, naye aliwahubiria watu kama mtakatifu. Kwa aibu aliondoka mjini kwa siri kwenda kuzaa karibu na kwao. Sauti ya mtoto mchanga iliwasaliti. Watu wa mfalme waliopita njiani waliisikia, wakamkuta, wakamfunga pamoja na Barro na mtoto. Walipelekwa Evululu, alipokuwa anakaa mfalme.

Baraza la mfalme lilimhukumu kwa sheria ya Kongo, na mapadri Bernardo da Gallo na Lorenzo da Lucca walikuwapo. Mtoto alihukumiwa pia, lakini Padri Lorenzo alimwombea kwa mfalme, akaachwa hai. Haki ni haki: tunaposema mabaya ya Wakapusini, hili nalo tuliseme. Sisi wa Katanga, ambao Papa Simon Kimbangu aliletwa kwetu mfungwa baada ya kuhukumiwa na baraza la kivita tarehe 3 mwezi wa kumi, 1921, akafia Élisabethville mwaka 1951, tunafahamu jinsi serikali inavyoogopa nabii anayekusanya watu.

Mama Kimpa Vita na Barro walichomwa tarehe 2 mwezi wa saba, 1706. Alikuwa na miaka 22 hivi. Kesho yake mifupa iliyobaki ilichomwa tena ili watu wasiichukue. Wakati wa uhai wake alisema kwamba kila siku ya tano, ndiyo Ijumaa, anakufa na kwenda mbinguni kuiombea Kongo, na siku ya posho anarudi. Ukihesabu kalenda utaona kwamba tarehe ile ilikuwa siku ya tano.

Pedro alifikiri kwamba mambo yamekwisha. Lakini Kibenga na Waantoni walishika mji miaka mingine karibu mitatu, bila nabii wao. Tarehe 15 mwezi wa pili, 1709, jeshi la mfalme lilipanda Mbanza Kongo. Nayo ilikuwa siku ya tano. Pande zote mbili zilikuwa Wakongo, wabatizwa, na wengi walikuwa watu waliowahi kula pamoja katika kambi moja. Kibenga aliuawa, na Pedro akaingia mjini, kama alivyoagizwa miaka mitano mbele. Alitawala mpaka alipokufa mwaka 1718.

Mateka wa vita hizi walipelekwa njia ya pwani, kwa wafanyabiashara walioandaa misafara mpaka melini, na meli ziliwapeleka Brazili, visiwa vya Amerika na Marekani ya Waingereza. Biashara hiyo haikukoma na Kibenga. Iliendelea katika vita zilizofuata. Tarehe 9 mwezi wa tisa, 1739, katika Carolina ya Kusini, karibu na mto Stono, watumwa kama 20 walichukua bunduki katika duka wakaanza kuelekea kusini, mahali walipoahidiwa uhuru. Walioandika habari hiyo walisema ni Wakatoliki waliofahamu Kireno, na wataalamu wa siku zetu wanaona kwamba walikuwa askari wa Kongo, sababu ya namna walivyoshika silaha. Walitembea wakipiga ngoma, bendera mbele, wakicheza njiani kama walivyofanya baba zao siku ya Yakobo.