Askofu Edward Steere na Safari ya Hadithi Hadi Jukwaani

Mwalimu wa Kiswahili anapotakiwa kuigeuza hadithi fupi kuwa mchezo wa kuigiza, mara nyingi huyagawa maneno ya kitabu baina ya wanafunzi wake, mmoja akapewa sehemu ya msimulizi na wengine sehemu za wahusika, na kazi ikahesabiwa kuwa imekwisha. Mchezo wa namna hiyo huwachosha wanaocheza na wanaotazama. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi maisha ya Askofu Edward Steere, mmoja wa watu wa mwanzo kuzipiga chapa hadithi za Unguja, kisha tuonyeshe jinsi moja ya hadithi hizo inavyoweza kurudishwa katika uhai wa sauti na vitendo. Mfano wetu tutauweka katika darasa la skuli iliyo Mangapwani, kaskazini ya mji wa Unguja.

Maisha yake

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisoma sheria hadi akafikia shahada ya udaktari, lakini baadaye aliiacha kazi hiyo akapewa upadri, akahudumu katika vijiji vya Lincolnshire. Rafiki yake William Tozer alipofanywa askofu wa misheni ya UMCA mwaka 1863, Steere alifuatana naye hadi nchi za mto Zambezi na Shire. Misheni ile ilikuwa imedhoofishwa na maradhi na vifo, ikaamuliwa ihamie Unguja. Mwishoni mwa Agosti 1864, katika enzi ya Sultani Majid bin Said, wageni hao walitia nanga.

Unguja ya siku hizo ilikuwa na soko la watumwa mtaani Mkunazini, na wanafunzi wa kwanza wa misheni walikuwa watoto waliookolewa katika majahazi ya biashara hiyo. Steere alijifunza Kiswahili kwa kukaa na wenyeji na kuwasikiliza, akiandika maneno na ngano kama alivyozisikia. Alikuwa pia na mtambo wa kupigia chapa, na watoto wale wakafundishwa kupanga herufi. Mwaka 1867 mtambo huo ulitoa kijitabu cha Hadithi za Kiingereza, chenye visa vinne vya Shakespeare kama vilivyosimuliwa na Charles Lamb na dada yake Mary.

Mwaka 1868 alirudi Uingereza, na mwaka 1870 vikatoka London vitabu vyake viwili vikubwa: kimoja cha sarufi na msamiati wa Kiswahili cha Unguja, na kingine, Swahili Tales, kilichokusanya hadithi za Waunguja, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Alirejea Unguja mwaka 1872. Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash alikubali mkataba wa kulifunga soko la watumwa, na Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa mahali pale pale Mkunazini. Steere alifanywa askofu mwaka 1874, akalisimamia jengo hilo mwenyewe. Alifariki Unguja mwezi wa Agosti 1882, akazikwa ndani ya kanisa, nyuma ya altare. Kiunguja, lahaja aliyoifanyia kazi, ndicho kilichochaguliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu.

Njia mbili za hadithi

Ukiyatazama maisha haya kwa jicho la mwalimu, utaona kwamba Steere alishika ncha mbili za kamba moja. Mabepari wa Venisi, mathalani, ilianza kuwa tamthilia. Lamb na dada yake waliifanya hadithi mwaka 1807. Steere akaitia katika Kiswahili mwaka 1867. Na mwaka 1969 Mwalimu Julius Nyerere akaitoa kwa Kiswahili ikiwa tamthilia kamili. Hadithi za Unguja nazo zilitoka kinywani mwa mtambaji zikaingia kitabuni. Kalamu iliyahifadhi maneno, lakini haikuweza kuhifadhi sauti, ishara za mikono, wala vicheko vya waliokuwa wakisikiliza. Hayo ndiyo anayotakiwa mwalimu kuyarudisha.

Sultani Darai jukwaani

Tuchukue hadithi ya Sultani Darai. Maskini Hamdani anachakura jaani akitafuta punje za mtama, anaokota thumni, ananunua paa. Paa huyo anaokota almasi, anamposea bwana wake binti wa sultani, anamwua nyoka mwenye vichwa saba, anampatia bwana nyumba yenye kila neema. Kisha paa anaugua, na bwana anaamuru apikiwe uji wa mtama hafifu. Paa anakufa, na mwisho Hamdani anajikuta yuko jaani tena.

Jambo la kwanza ni kuchagua. Si kila tukio linafaa kuonyeshwa. Nyoka wa vichwa saba akitengenezwa kwa makaratasi huchekesha pasipotakiwa kicheko. Afadhali vita vyake visikike nyuma ya pazia, au mtambaji avisimulie huku watazamaji wakimwitikia kama wafanyavyo barazani. Lakini ugonjwa wa paa ni mchezo tayari. Paa yuko chini, bwana yuko ghorofani, na bibi kizee anapanda na kushuka akipeleka salamu na kurudisha majibu. Meza moja yatosha kuwa ghorofa.

Jambo la pili ni kutafuta kitu kimoja kitakachoushikilia mchezo. Hapa kitu hicho ni mtama. Hamdani aliutafuta jaani kwa njaa, na akiisha kutajirika anampa aliyemtajirisha mtama ulio duni. Kibakuli kimoja kikionekana mwanzo na mwisho, watazamaji wataelewa bila ya kuhubiriwa.

Jambo la tatu, nalo ni zito zaidi, ni wale wasiosema. Kitabuni tunamfuata bwana na paa. Jukwaani tunawaona pia watumishi waliosimama kando, na mke anayelia akigombezwa. Mwalimu awaulize wanafunzi: watu hawa wanafikiri nini? Kwa nini bibi kizee anatii hata anapojua kwamba amri ni ya dhuluma? Tukumbuke kwamba hadithi hii iliandikwa katika mji ambao watu walinunuliwa na kuuzwa. Mtumishi anayefanya kila kitu kisha akasahauliwa hakuwa jambo la kubuni tu kwa waliokuwa wakiisikiliza.

Kwa mtoto wa Mangapwani swali hili liko karibu. Kufungwa kwa soko hakukuikomesha biashara mara moja. Iliendelea kwa siri katika fukwe, na chumba kilichochongwa chini ya ardhi katika mawe ya Mangapwani chakumbusha jinsi watu walivyofichwa. Hatushauri mchezo upelekwe mahali hapo, kwani hapo si pahali pa kuchezea. Yafaa darasa lipatembelee kwanza kwa adabu, lirudi skuli, ndipo lianze mazoezi. Wanafunzi wanaocheza sehemu za watumishi watajua wenyewe namna ya kusimama.

Hitimisho

Twashauri, kwa hiyo, mwalimu asianze na maandishi. Aisimulie hadithi mara mbili vitabu vikiwa vimefungwa. Awaache wanafunzi waicheze kwa maneno yao wenyewe. Kisha ndipo wakifungue kitabu cha Steere wakalinganishe. Waandike kile walichokiacha, kile walichokiongeza, na sababu zake. Mwishoni wawaalike wazee wa kijiji watazame, na baada ya mchezo wawaombe waisimulie wao jinsi walivyoisikia. Inawezekana hadithi ya wazee ikatofautiana na ya kitabu, na ikiwa hivyo darasa litakuwa na mchezo wa pili wa kuutayarisha.