Emil Jannings na Sanamu ya Kwanza ya Dhahabu

Kila mpenda senema amesikia habari za sanamu ya dhahabu iitwayo Oscar, inayotolewa Marekani kwa wachezaji wa picha waliowashinda wenzao. Lakini ukiuliza ni nani aliyekuwa wa kwanza kabisa kuipokea, wengi watataja jina la Mmarekani fulani. Siye. Alikuwa Mjerumani, jina lake Emil Jannings.

Alizaliwa tarehe 23 Julai 1884 katika mji wa Rorschach, Uswisi, lakini alikulia Ujerumani. Alipokuwa kijana alitoroka shule akaenda kufanya kazi melini (jambo ambalo mwalimu wetu mkuu hangependa tulisifu), na ubaharia ulipomchosha akajiunga na wachezaji waliozunguka mji hata mji. Hatimaye alifika Berlin, akacheza katika jukwaa la Max Reinhardt, bwana mkubwa wa michezo ya kuigiza siku hizo.

Wakati ule picha za senema zilikuwa bubu. Maneno machache yaliandikwa katika picha, na yaliyobaki mchezaji aliyasema kwa uso, mabega na mwendo wake. Kwa kazi hiyo Jannings hakuwa na mwenzake. Mwaka 1924, katika picha ya F. W. Murnau, alicheza mzee bawabu wa hoteli kubwa anayejivunia koti lake la kazi. Nguvu zinapompungukia ananyang'anywa koti, anapelekwa kuhudumu chooni. Picha hiyo karibu haina maneno yaliyoandikwa, wala haikuyahitaji: mgongo wa mzee ulipoinama, hata asiyejua kusoma alifahamu kwamba heshima yake imekwisha.

Basi Wamarekani wakamwita Hollywood. Katika The Last Command, ya mwaka 1928, alikuwa jenerali wa Urusi aliyekimbia mapinduzi, akawa kibarua wa senema, na siku moja akaamriwa avae nguo za jenerali na kuigiza. Kwa picha hiyo, pamoja na The Way of All Flesh ya 1927, ambayo leo vimebaki vipande tu, alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa kiume.

Karamu ya zawadi ilifanywa tarehe 16 Mei 1929 katika Hoteli ya Roosevelt. Walihudhuria watu kama 270, na zawadi zote zilitolewa kwa muda wa dakika 15 hivi. Hakuna aliyeshika roho mkononi, maana majina ya washindi yalikwisha kutangazwa mwezi wa Februari. Jannings hakuwapo. Alikuwa amepewa sanamu yake mapema, akarudi kwao.

Kilichomwondoa ni sauti. Mwaka 1927 kampuni ya Warner ilitoa The Jazz Singer, watu wakasikia mchezaji akiimba na kusema. Waamuzi waliona si haki kuishindanisha na picha bubu, wakaipa Warner zawadi ya peke yake. Tangu hapo kila mtu alitaka picha za kusema, na Kiingereza cha Jannings kilikuwa kizito kwa matamshi ya Kijerumani. Maadamu alinyamaza, alikuwa bingwa wa dunia nzima. Alipotakiwa afungue kinywa, akawa mgeni.

Kwa lugha yake hakushindwa. Mwaka 1930, katika Der blaue Engel, alicheza mwalimu wa sekondari anayewafuata wanafunzi wake kwenye ukumbi wa muziki ili awakamate, akanaswa yeye mwenyewe na mwimbaji, akapoteza kazi, akaishia kuwika kama jogoo mbele ya watu. Lakini watazamaji walitoka wakimtaja huyo mwimbaji, Marlene Dietrich. Yeye akaenda Marekani, Jannings akabaki.

Wanazi walipotwaa serikali mwaka 1933 wachezaji wengi walikimbia. Jannings aliwatumikia, nao wakamtukuza. Mwaka 1941 alicheza Kruger, rais wa Makaburu wa Transvaal, katika Ohm Krüger. Picha ilionyesha mateso ya wanawake na watoto katika kambi za Waingereza. Kambi hizo zilikuwapo kweli, na watu wengi walikufa humo, Makaburu na Waafrika pia. Lakini picha ilitengenezwa ili kuchochea chuki ya vita, na waliolipa gharama zake walikuwa na kambi zao wenyewe. Ilipata zawadi kubwa kule Venice, Italia ikiwa chini ya Mussolini.

Vita vilipokwisha mwaka 1945 washindi walimkataza kucheza. Husimuliwa kwamba askari wa Marekani walipofika kwake aliwatokea ameshika sanamu yake, wapate kumtambua kuwa rafiki. Marufuku hayakuondolewa. Alifariki tarehe 2 Januari 1950 kijijini Strobl, Austria, bila kucheza tena.