Bwana Frank Hornby na Treni Ndogo

Bwana Frank Hornby alizaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1863. Hakusomea uhandisi, alikuwa karani tu wa mwagizaji nyama. Akiwaundia wanawe winchi ya mabati, aliona kuwa vipande vikitobolewa matundu kwa nafasi sawa, nusu inchi, vyaweza kufunguliwa na kuunda lori au daraja. Mimi niundaye magari ya waya bwenini naistaajabia akili hiyo, maana waya ukishapindwa haunyooki tena sawasawa! Hakuwa na fedha. Alikopa kwa tajiri wake, akaandikisha uvumbuzi wake mwaka 1901. Treni zake ndogo zilitoka mwaka 1920, magari ya Dinky mwaka 1934. Alifariki mwaka 1936. Treni zingali zauzwa kwa jina lake.