Nicolas Appert: Mpishi aliyeufunza ulimwengu kuhifadhi chakula, akazikwa kama maskini

MBOGA ambazo hazijanunuliwa kufikia saa mbili usiku katika soko la Kawangware, Nairobi, huwa na njia mbili tu: kuuzwa kwa bei ya kutupa, au kutupwa kwelikweli.

Hali si tofauti mtaani Kibera, ambako familia nyingi huishi katika chumba kimoja cha futi 10 kwa 10 na jokofu ni mali ya wachache. Chakula hununuliwa cha leo kwa leo, kwa kipimo cha kadogo: nyanya mbili, mafuta ya kupimiwa, sukuma wiki iliyokwisha kukatwakatwa.

Hata wenye bustani hawasaliki. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, shirika la Kifaransa la Solidarités lilianza kuwafunza wakazi wa Kibera kukuza mboga ndani ya magunia yaliyojazwa udongo. Mvua za Machi hadi Mei zikinyesha vyema, gunia moja hutoa majani mengi kuliko yanayoweza kuliwa nyumbani. Kumuuzia jirani pia ni vigumu, maana gunia lake nalo limesitawi.

Aliyelitafutia tatizo la namna hii dawa kwa kutumia moto, maji na chupa alikuwa Mfaransa mwingine, Nicolas Appert, aliyefariki mwaka 1841. Kila mkebe wa maharagwe, samaki au nanasi ulio kwenye rafu za maduka yetu ni kitukuu cha chupa zake. Maisha yake yanastahili kusimuliwa kwa msomaji wa Nairobi kwa sababu nyingine pia: kazi aliyoianza ina hatari moja ambayo mkazi wa jiji hili anapaswa kuijua kuliko mkazi wa Paris au hata wa Mombasa.

Appert alizaliwa Novemba 17, 1749 mjini Châlons, mashariki mwa Paris, katika eneo la Champagne linalosifika kwa mvinyo wake. Wazazi wake walikuwa na nyumba ya wageni, naye alikuwa mtoto wa tisa kati ya 11. Elimu ya juu hakuipata. Shule yake ilikuwa jikoni, ghala la mvinyo na mapipa ya bia, na humo ndimo alimojifunza kutofautisha kitu kinachochacha na kitu kinachooza.

Akiwa kijana alikwenda kutumikia katika jikoni la mtawala wa Zweibrücken, katika Ujerumani ya leo. Mwaka 1784 alirejea Ufaransa, akafungua duka la peremende na vitamutamu katika barabara ya Lombards jijini Paris. Biashara ilishika.

Kisha yakaja Mapinduzi ya 1789. Muuza peremende huyo alijiunga na wanamapinduzi wa mtaa wake na kupanda ngazi miongoni mwao, lakini mwaka 1794 mapinduzi yakamgeukia, kama yalivyowageukia wengi, akatiwa gerezani kwa miezi kadhaa. Alitoka akiwa na kichwa chake juu ya mabega, jambo ambalo mwaka huo halikuwa dogo.

Baada ya kuachiliwa alihamia Ivry, nje kidogo ya Paris, na huko ndiko alikoanza kulishughulikia swali lililokuwa likimsumbua tangu enzi za duka lake. Ufaransa ilikuwa vitani na majirani zake. Wanajeshi na mabaharia walilishwa nyama iliyokaushwa kwa chumvi hadi ikawa kama mbao, na kiseyeye kikawamaliza waliokaa baharini miezi mingi bila mboga wala matunda.

Njia za kuhifadhi chakula zilizojulikana zilikuwa zile zile zinazojulikana kwetu: jua, chumvi, moshi, siki, sukari na mafuta. Omena wanaouzwa Kibera kwa vipimo vya kopo hukaushwa juani. Waluo wana aliya, nyama iliyokaushwa, nao Waborana na Wasomali wana nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaangwa hadi ikakauka na kuwekwa ndani ya mafuta yake. Njia hizi ni nzuri, na mwandishi huyu hazibezi hata kidogo, lakini kila mojawapo humpa mlaji chakula kingine, si kile alichokihifadhi. Appert alitaka njegere zibaki njegere.

Alichofanya kilikuwa rahisi kukieleza na kigumu kukitimiza. Alijaza chakula katika chupa nene za mvinyo wa Champagne, kwa kuwa hizo ziliweza kustahimili msukumo, na baadaye akawaagiza mafundi wa vioo wamtengenezee chupa za mdomo mpana. Alizifunga kwa vizibo vilivyoshindiliwa barabara, akaziba nyufa kwa mchanganyiko wa chokaa na jibini, na kuvikaza vizibo kwa waya. Kila chupa aliivika mfuko wa turubai ili ikipasuka isiwaumize wenzake. Mwisho alizipanga ndani ya chungu kikubwa cha maji, akayachemsha kwa muda aliouhesabu kulingana na chakula chenyewe.

Muda huo ndio uliokuwa siri ya kazi. Hakuwa na kitabu cha kumwelekeza. Alijaribu, akasubiri wiki na miezi, akafungua, akanusa, akaonja, akaandika, akajaribu tena. Hivyo alipita katika maziwa, mchuzi wa nyama, njegere, maharagwe, matunda, kuku na samaki.

Mwanzoni mwa karne ya 19 alifungua kiwanda mjini Massy, kusini mwa Paris, kikizungukwa na mashamba ya njegere na maharagwe, ili mboga zitoke shambani na kuingia chupani kabla hazijanyauka. Jeshi la majini la Ufaransa lilizijaribu chupa zake katika bandari ya Brest, na baada ya miezi kadhaa mchuzi na mboga zikaonekana zingali nzuri.

Januari 1810 serikali ilikubali kumpa faranga 12,000. Husimuliwa mara nyingi kwamba hii ilikuwa tuzo ya shindano lililotangazwa na Napoleon miaka 15 nyuma, na kwamba Appert alishiriki na kushinda. Hadithi hiyo ni tamu kuliko ukweli wenyewe. Fedha zilitoka kwa Waziri wa Masuala ya Ndani, na ziliambatana na sharti: Appert aandike kila alichokijua, achapishe kwa gharama yake, na kuikabidhi serikali nakala 200. Angeweza kuomba hataza na kuificha siri yake. Alichagua kuandika.

Kitabu chake kilitoka mwaka huo huo, na kabla ya mwaka 1811 kwisha kilikuwa kimetafsiriwa kwa Kijerumani na Kiingereza. Kiliandikwa kwa lugha ambayo mpishi wa nyumbani angeielewa.

Hapa yafaa tusite, kwa sababu kuna jambo moja ambalo kitabu hicho hakikuweza kulisema. Appert hakujua ni kwa nini njia yake ilifanya kazi. Aliamini kuwa siri ni moto pamoja na kuizuia hewa, na mwanakemia mashuhuri Gay-Lussac, aliyezichunguza chupa zake, akahitimisha kuwa mwharibifu ni oksijeni. Ni hadi miaka ya 1860 ambapo Louis Pasteur alionyesha kwamba chakula huozeshwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, na kwamba moto hufaa kwa kuwa huviua.

Hata hivyo, si vyote vinavyouawa na maji yanayochemka. Mwaka 1895 katika kijiji cha Ellezelles, Ubelgiji, wanamuziki waliokuwa wamepiga katika mazishi walikula nyama ya nguruwe iliyohifadhiwa kwa chumvi. Wengi wao waliugua na watatu wakafa. Profesa Émile van Ermengem aliichunguza nyama hiyo, akamgundua bakteria ambaye leo huitwa Clostridium botulinum.

Bakteria huyo huishi udongoni, na kwa hivyo hupatikana hata katika udongo wa gunia la sukuma wiki. Mazingira yakimbana hujifungia ndani ya ganda gumu, yaani spora. Hustawi mahali penye unyevu pasipo hewa wala uchachu, na mahali hapo ndipo ndani ya mtungi uliofungwa wa nyama, kunde, maharagwe au managu. Sumu anayoitoa huweza kuwamo bila kubadili rangi, harufu wala ladha ya chakula. Mgonjwa huanza kuona kitu kimoja kuwa viwili, ulimi huwa mzito, kumeza humshinda, na mwishowe misuli ya kupumulia hulegea.

Ili spora hiyo ife upesi, joto linapaswa kufikia nyuzi 121 za Selsiasi, na maji yaliyo katika sufuria ya kawaida hayafiki huko. Mombasa, kando ya bahari, maji huchemka yakiwa nyuzi 100. Nairobi, ambayo iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huchemka yakiwa nyuzi 94 hivi. Kuongeza makaa hakusaidii. Maji hutoa mvuke zaidi, lakini joto lake ni lile lile.

Kwa hivyo mama wa Kawangware anayetaka kuweka nyama ya sikukuu katika mitungi ya jemu na kuichemsha kama Appert alivyofanya anaanza akiwa nyuzi sita chini ya Mfaransa huyo, ambaye naye hakuwa salama. Nyama na mboga za majani huhitaji chombo cha presha chenye kipimo, kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Sufuria ya presha ya kupikia githeri haitoshi, kwa maana nyingi hazina kipimo cha kumwonyesha mpishi joto lililofikiwa.

Nyanya ni habari nyingine. Uchachu wake humzuia bakteria huyo asikue, hasa ukiongezewa vijiko viwili vikubwa vya maji ya limau ya chupa kwa kila mtungi wa lita moja. Nyanya zilizopondwa na kuchemshwa kabla ya kujazwa huhitaji dakika 45 ndani ya maji yanayochemka huko pwani. Katika mwinuko wa Nairobi ni karibu saa nzima. Saa nzima ya moto ina gharama katika nyumba inayonunua makaa kwa mkebe, na vifuniko vipya vya kukaza ni adimu. Kwa maoni ya mwandishi huyu, mboga za majani ziachiwe jua kama walivyofanya mabibi zetu, na mtungi uwe wa nyanya na matunda machachu, msimu yanapokuwa bei ya kutupa.

Waingereza nao walilijua tatizo hili kwa njia chungu. Agosti 1810, miezi michache baada ya kitabu cha Appert kutoka, mfanyabiashara wa London aliyeitwa Peter Durand alipewa hataza ya njia hiyo hiyo, akitaja mikebe ya bati pamoja na chupa. Wazo lenyewe alikiri kuwa aliletewa na mgeni aliyeishi ng'ambo. Aliiuza hataza hiyo, na kufikia mwaka 1813 kiwanda cha Bryan Donkin na wenzake huko Bermondsey kilikuwa kikiwauzia wanamaji nyama ya mikebe.

Mikebe ilipofanywa mikubwa ili kupunguza gharama, joto halikufika katikati. Mwaka 1852 wakaguzi wa jeshi la majini la Uingereza walifungua mikebe ya mfanyabiashara Stephen Goldner na kukuta mingi imejaa uozo usiovumilika puani.

Kwetu teknolojia hiyo ilifika ikiwa imekomaa. Kampuni ya Liebig's ilifungua kiwanda cha nyama Athi River mwaka 1938, na mwaka 1950 ikaundwa Tume ya Nyama ya Kenya, KMC, ambayo nyama yake ya ng'ombe ya mkebe ilipata jina. Thika ikawa mji wa mananasi ya mkebe. Wafanyakazi wa viwanda kama hivyo hulipwa kwa kazi ambayo mzizi wake ni kitabu kisicholindwa na hataza.

Mwenyewe hakufaidi. Mnamo 1814 na 1815 majeshi yaliyomshinda Napoleon yaliingia Ufaransa, na kiwanda cha Massy kikaharibiwa. Appert alikuwa na umri wa miaka 65. Alianza upya jijini Paris katika majengo aliyopewa na serikali, safari hii akitumia mikebe ya bati. Alitengeneza vidonge vya mchuzi, akabuni namna ya kutoa jelatini katika mifupa bila kutumia asidi, na katika kazi hiyo akatumia chombo cha presha. Mrithi wa biashara yake, Raymond Chevallier-Appert, ndiye aliyekiwekea chombo hicho kipimo mapema katika miaka ya 1850, hatua iliyoifanya nyama ya mkebe iaminike.

Mwaka 1822 chama cha kuendeleza viwanda cha Ufaransa kilimtunuku jina la Mfadhili wa Binadamu. Jina halikulipa madeni. Mwaka 1827 serikali iliyachukua majengo yake. Aliendelea kuhangaika hadi mwaka 1836, akiwa na miaka 86, alipoikabidhi biashara kwa wengine na kurudi Massy kuishi kwa kipato kidogo.

Alifariki Juni 1, 1841, akiwa na miaka 91. Hapakuwa na fedha za kaburi lake peke yake, na mwili wake ukawekwa katika kaburi la pamoja la maskini. Mwaka 1955 posta ya Ufaransa ilitoa stempu yenye picha yake. Iliuzwa faranga 12.